Mulongo: Mbele ya manjanja kulikuwa kanisa la nyumba

Kwa majuma matatu nilisoma tangazo moja katika radio, asubuhi, saa sita na magaribi. Kanisa moja la hapa Mulongo lilikuwa linaomba mchango wa manjanja na simenti. Shantie yenyewe ni kubwa. Watu wa kamati walisema itaingiza watu wengi kuliko nyumba yoyote ya sala katika sheferi yetu. Nilisoma na sauti ya furaha, kwanza kwa sababu tangazo lilikuwa limelipwa, tena kwa sababu mimi pia ninapenda kuona kitu kikubwa kinasimama kwetu.

Katika juma la pili mtoto wa familia moja ya wakimbizi wa vita, wale tunaita hapa badeplase, alikufa na kolera. Wanalala katika nyumba ya nyasi ambayo si mbali na ile shantie. Baba yake ni muamini wa kanisa hilo hilo, jina lake limeandikwa katika daftari. Mchungaji alipata habari siku ya Mungu iliyofuata, na mtoto alikuwa amezikwa tangu siku tano. Waliomzika ni akina mama sita wa kikundi cha sala cha avenyu, na wawili kati yao ni wa kanisa lingine kabisa. Ndio walitafuta sanduku, ndio walichemsha maji ya kusafisha nyumba, ndio walimpeleka mtoto wa pili ku hospitali mbele naye hajaishiwa nguvu. Yule alipona.

Na mimi, mwandishi wa habari, mtu ambaye kazi yake ni kujua kilichotokea, nilijua nyuma ya mchungaji. Siku ile ya maziko nilikuwa nimesoma tangazo la manjanja mara tatu.

Sisemi hii ili kuaibisha kanisa. Hakuna mtu aliyefanya ubaya kwa kusudi. Lakini nilipotoa habari hiyo katika kipindi chetu, simu hazikunyamaza. Papa mmoja, mwalimu wa zamani, aliniambia: “Mwanangu, usituvunje moyo. Wakatoliki wana nyumba za matafari tangu wakati wa Wabeleji. Sisi tusali chini ya nyasi mpaka lini? Mvua ikinyesha, neno la Mungu linakatika katikati.” Nyuma yake mama mmoja akauliza: “Ile siku mtoto alikufa, simenti ilijua nini?” Kisha akakata, sijui kama ni makuta yaliisha au ni hasira.

Wote wawili ni Wakristo wa kweli, na wote wawili wanaongea kitu ambacho babu zetu walikwisha kuongea. Ndiyo maana nimetaka leo kuandika historia kidogo, ya hapa kwetu kwanza, halafu ya mbali. Wengi wetu tunafikiri mambo ya kanisa kubwa na kanisa dogo yamekuja juzi na vyombo vya muziki na wahubiri wa televisheni. Hapana. Katika bonde hili la Lualaba ni neno la zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1915 Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza, hapa hapa katika teritwari ya Malemba-Nkulu. Mmoja wa wenzao alikufa na homa njiani mbele ya kufika. Burton alikuwa injinia kwa kazi, mtu wa mikono. Alijua kujenga, na alijenga. Kama angetaka kuanza na nyumba kubwa, angeweza. Lakini kazi ile haikukua kwa sababu ya nyumba, na haikukua hasa kwa sababu ya Wazungu. Iliongezwa nguvu na watu ambao leo wazee wachache tu wanawakumbuka: watumwa waliorudi.

Nieleze vizuri. Mbele ya ukoloni na hata wakati ulipoanza, wafanyabiashara Waovimbundu kutoka Angola walikuwa wanakuja mpaka katika inchi ya Baluba kununua watu. Wababu zetu wengi walipelekwa kwa miguu mpaka Biye, upande wa magaribi, na hawakurudi tena. Huko Biye kulikuwa misioni za Kiprotestanti, na wengine kati ya watumwa wale walimwamini Kristo huko. Biashara ile ilipovunjika na watu kupata uhuru, wakaanza kurudi nyumbani, majuma na majuma ya kutembea, wakiimba nyimbo walizojifunza ugenini. Baadhi yao walifika Mwanza wakajiunga na wale Waingereza. Walijua kusoma. Walijua Kiluba, kilikuwa kinywani mwao tangu utoto. Kati ya wahubiri wa kwanza alikuwa Shalumbo, mtu ambaye zamani alikuwa upande wa washika watumwa. Burton aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake.

Fikiri ile hali. Mtu anarudi katika kijiji alichonyang’anywa. Hana manjanja, hana kengele, hana barua ya askofu. Anakaa kwa ndugu yake, jioni anaimba, majirani wanakuja kusikiliza. Kisha nyumba ile inakuwa mahali pa sala. Badeplase wanaosoma maneno haya watanielewa haraka kuliko wengine: kanisa katika bonde letu lililetwa, kwa sehemu kubwa, na watu waliopoteza kila kitu, waliokuja kwa miguu na mizigo juu ya kichwa. Nikisikia mtu anasema badeplase ni mzigo wa kanisa, ninataka kumkumbusha waliotuletea kanisa walikuwa nani.

Misioni ile iliitwa Congo Evangelistic Mission tangu mwaka 1919. Leo ni Jumuiya ya Kipentekoste katika Kongo, ile 30e. Vijana wanauliza kwa nini tunasema “ninasali ku 30e”. Ni kwa sababu makanisa ya Kiprotestanti yalipounganishwa mwaka 1970 katika Kanisa la Kristo, kila jumuiya ilipewa namba, na namba ikashika kuliko jina.

Kwa upande wa Wakatoliki historia ilikwenda na njia nyingine, lakini ukiangalia vizuri unaona kitu kilekile ndani. Wamisionari walijenga misioni kubwa kwelikweli: kanisa, masomo, nyumba ya masista, mashamba. Hata hivyo padri alipita katika vijiji vya mbali mara chache kwa mwaka. Siku zingine zote kanisa lilikuwa katekista: mtu wa kijiji, mwenye mke na shamba la mihogo, anayefundisha watoto, anayezika wafu, anayejua nani amegombana na nani. Wengi hawakulipwa kitu cha kusema. Majina yao hayakuandikwa juu ya kuta za makanisa tunayojivunia.

Tena kulikuwa padri mmoja Mufransisko, Placide Tempels, aliyefika Kongo mwaka 1933 na kufanya kazi miaka mingi kati ya Baluba wa Katanga. Anajulikana sana na wasomi kwa kitabu chake juu ya filozofia ya Kibantu, kilichotoka mwaka 1945. Kwetu lakini kitu chake kikubwa si kitabu. Ni Jamaa. Ilianza Kolwezi katika miaka ya 1950, kati ya watumikaji wa migodi na wake zao, watu waliotolewa vijijini na kuwekwa katika kambi za kampuni, nyumba zinazofanana, avenyu zenye namba. Tempels alikaa nao mme na mke pamoja, akawasikiliza, na jina walilopewa lilikuwa la Kiswahili cha kila siku: jamaa. Maaskofu baadaye walikuwa na mashaka na namna fulani za Jamaa, na kuna vikundi vilivyotoka nje ya kanisa. Hiyo ni kweli na sitaificha. Lakini wale watumikaji walikuwa wanasema kwamba katika misa ya watu elfu unaweza kubaki peke yako.

Halafu ikaja 1960.

Wazee wanajua zaidi kuliko mimi namna ile miaka ilivyopita hapa. Katanga ilijitenga, Baluba wa kaskazini walikataa, jandarma wakapanda na silaha, vijana wa Balubakat wakashika zao, vijiji vikachomwa. Mwezi wa 11 mwaka 1960 wamisionari wawili wa ile misioni ya Burton, Edmund Hodgson na Elton Knauf, waliuawa na vijana wa eneo letu. Burton mwenyewe aliondoka mwaka ule na wengine wakaondoka. Stesheni zikabaki milango wazi. Mtu wa mbali angefikiri kwamba kanisa limekwisha. Ni hapo ilionekana wazi kwamba stesheni na kanisa havikuwa kitu kimoja. Wazee wa kanisa, wahubiri, akina mama waliendelea kukusanyika, wengine msituni, wengine katika visiwa vya Lualaba walikokimbilia. Kazi hiyo haikungoja barua kutoka Uingereza. Ilipotulia, kanisa lilionekana limekuwa kubwa kuliko walivyoliacha.

Katika miaka ileile, mwaka 1961, maaskofu Wakatoliki wa Kongo walikutana katika mkutano wao na kuchagua kwamba parokia zijengwe juu ya jumuiya hai za Kikristo, watu wa karibu, wa avenyu moja au kijiji kimoja. Kule Afrika ya mashariki, Tanzania, Kenya na kwingine, maaskofu wa AMECEA walichukua njia hiyo kuanzia 1973 na 1976, na wao wanaziita jumuiya ndogondogo. Kwetu tunasema shirika. Ukisikia mama anasema “leo niko na shirika”, jua anakwenda katika uamuzi wa 1961, hata kama yeye mwenyewe anajua tu kwamba ni zamu yake kutembelea wagonjwa.

Mobutu naye alitupa masomo bila kutaka. Sheria ya mwisho wa mwaka 1971 ilitambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kanisa la Kristo na Kimbangu. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, vikundi vya vijana vya makanisa vikafungwa, vijana wote wakawa wa JMPR. Mwishoni mwa 1974 serkali ikachukua masomo ya makanisa. Kila kitu kikubwa, kila kitu chenye mlango na ufunguo, serkali iliweza kuchukua ufunguo. Masomo yalirudishwa kwa makanisa mwaka 1977 yakiwa yamechoka, madirisha yameondoka. Kikundi cha watu kumi wanaosali katika nyumba ya mtu hakina ufunguo wa kuchukua.

Nikiishia hapo, yule mama wa simu amenishinda upande wake, na yule mwalimu wa zamani atakasirika. Ana haki ya kukasirika, kwa sababu historia yetu ina upande mwingine, na upande huo mimi ninaujua kwa mwili wangu.

Katika vita ya Mai-Mai nilikuwa kijana wa masomo ya sekondari. Tulitoka upande wa Mitwaba usiku. Wengine katika miaka ile walikwenda mpaka ziwa Upemba, wakaishi juu ya visiwa vya majani vinavyoelea, watu na watoto juu ya majani. Sisi tulifika tukiwa na sufuria moja na nguo tulizovaa. Na tulilala wapi? Katika kanisa kubwa la matafari. Viti vilisukumwa pembeni, familia moja kati ya nguzo hii na nguzo ile, mama yangu karibu na altare kwa sababu hapo palikuwa pakavu. Usiku ulisikia watoto wakikohoa toka ukuta mpaka ukuta. Kikundi cha sala cha watu kumi kingetuweka wapi? Katika nyumba gani? Mimi nisiposema kwamba lile paa lilituokoa na mvua ya mwezi wa kwanza nitakuwa mwongo.

Tena kuna kazi ambazo kanisa dogo haliwezi. Mwaka 2004 Askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa Metodisti, askofu wa Katanga Kaskazini tangu 1996, aliita mkutano wa amani Kamina. Waliokuja ni viongozi wa serkali, mashefu wa kimila, na Chinja-Chinja mwenyewe, mkubwa wa Mai-Mai ambaye jina lake peke yake lilikuwa linafukuza watu katika kijiji. Kukaa meza moja na mtu kama huyo unahitaji kanisa linalojulikana mpaka mbali, lenye redio, lenye gari, lenye mtu ambaye gavana akimuona anasimama. Amani haikuja siku moja. Gédéon Kyungu Mutanga alijitoa mikononi mwa MONUC kule Mitwaba mwezi wa 5 mwaka 2006 tu. Alihukumiwa, kisha akatoroka gereza la Kasapa mwezi wa 9 mwaka 2011, na barabara zikajaa tena watu wenye magodoro juu ya vichwa. Hata hivyo mkutano wa Kamina uliwezekana kwa sababu ya ukubwa. Sitaki mtu anisikie vibaya hapo.

Lakini ukiuliza wazee wa Metodisti, watakuambia kwamba mbele ya Chinja-Chinja kukubali kuja mjini, ilihitajika watu wanaojua njia za porini na wanaojua mama zake na wajomba zake. Askofu anaweza kuita, lakini jina la mjomba haliandikwi katika barua ya mwaliko. Lazima awepo mtu wa kijiji anayelijua.

Sasa tutoke kidogo bondeni, kwa sababu swali hili limeulizwa pia na watu wenye makuta mengi kuliko sisi.

Kule Kodivaa, Rais Houphouët-Boigny alijenga Yamoussoukro, mji wa kijiji chake, basilika ambayo ni kati ya makanisa makubwa kuliko yote duniani. Papa Yohane Paulo wa Pili aliibariki tarehe 10 mwezi wa 9 mwaka 1990. Watu walikuwa wamesema sana, katika inchi ya maskini kujenga kitu kama hicho. Papa alikubali kuja lakini alitaka pajengwe pia hospitali karibu nayo, na siku ileile akabariki jiwe la kwanza la hospitali. Basilika ilikuwa tayari. Jiwe la hospitali lilikaa peke yake katika majani zaidi ya miaka makumi mbili mbele ya hospitali kufungua milango. Mimi sijafika Yamoussoukro. Lakini ninafikiri mara nyingi juu ya lile jiwe, na mama mjamzito anayepita pembeni yake kwenda kutafuta muganga mahali pengine.

Mfano wa pili ni Seoul, katika Korea ya Kusini. Mwaka 1958 mhubiri mmoja, Cho Yong-gi, alianza kanisa katika hema na watu wachache sana, maskini waliotoka katika vita. Liliongezeka haraka, na yeye alitaka kufanya kila kitu mwenyewe: kubatiza, kuzika, kutembelea. Mwaka 1964 mwili wake ulianguka. Akiwa mgonjwa aligawa kanisa katika vikundi vya nyumba, na wanaume walipositasita akawapa wanawake kuongoza, kitu ambacho wakati ule Korea ilishangaza watu. Kutoka pale kanisa lile, Yoido, lilikua mpaka kuhesabu mamia ya maelfu ya watu, na kwa miaka mingi limeitwa kanisa kubwa kuliko yote duniani. Wachungaji wetu wanapoonyesha video za Yoido wanatuonyesha jengo. Hawatuonyeshi mama mwenye kikundi cha familia kumi katika jengo la nyumba za kupanga. Tena, kwa ukweli wa habari, mwaka 2014 mahakama ya Seoul ilimhukumu Cho kwa kulipotezea kanisa makuta mengi katika biashara ya mwanawe, na akapewa kifungo kilichosimamishwa. Kikundi cha nyumba kinajua nani hajala leo, lakini hakikuweza kuona yaliyokuwa yanafanyika katika ofisi ya juu.

Wapendwa wetu wanaopenda Biblia watasema: na Maandiko je? Nitasema ninavyoielewa, mimi si mchungaji. Katika Matendo sura ya pili watu elfu tatu wanaingia siku moja, na wanakutana hekaluni na pia nyumba kwa nyumba, vyote viwili katika mstari mmoja. Mwalimu wetu wa zamani anashika hekalu, mama wa simu anashika nyumba, na mstari ni ule ule. Lakini wengi wanasimama sura ya pili. Wasonge mpaka sura ya sita. Kanisa la Yerusalemu limekuwa kubwa, na mara moja yanatokea manung’uniko: wajane wa Wayahudi wanaosema Kigriki, watu wa kutoka mbali, wanasahauliwa katika kugawa chakula cha kila siku. Angalia ni nani waliosahauliwa. Si wenyeji. Ni wale wageni, wale wenye lugha nyingine, wale ambao hakuna mtu aliyezaliwa nao. Kwa maneno ya hapa kwetu, ni badeplase. Na mitume hawakusema tupunguze kanisa. Hawakusema pia tuongeze jengo. Walitafuta watu saba wenye majina, na majina hayo yote yameandikwa pale, na ni majina ya Kigriki. Yaani waliweka kazi katika mikono ya watu wa upande uliosahauliwa.

Musa alipata shauri kama hilo mbele yao, toka kwa mkwe wake Yethro: wakubwa wa elfu, wa mia, wa hamsini, wa kumi. Ninapenda kwamba shauri hilo lilitoka kwa mkwe, mtu aliyekuja kutembelea siku chache akaona kile ambacho wenye nyumba hawakuona.

Turudi Mulongo. Zone yetu ya afya ni kati ya zile ambazo kolera inarudi rudi, kwa sababu tunakunywa mto na tunaishi juu ya mto, na Lualaba ikipanda inaingia katika vyoo. Kolera haingojei siku ya Mungu. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kuharisha asubuhi na kufa magaribi. Kinachookoa ni jirani anayeingia ndani bila kubisha, anayeona ndoo, anayejua namna ya kuchanganya maji, chumvi na sukari, na anayejua nani ana kinga ya kumpeleka mgonjwa ku hospitali. Kanisa la watu elfu mbili lenye vikundi vya namna hiyo katika kila avenyu ni baraka kubwa. Kanisa la watu elfu mbili lisilo navyo ni soko lenye nyimbo, na ninasema hivyo nikijua kwamba kesho wengine watanipigia simu.

Badeplase wana shida moja zaidi ambayo wenyeji hatuioni. Mwenyeji asipokuja kusali, mtu anauliza, kwa sababu nafasi yake ku kiti inajulikana. Mdeplase hana kiti. Wiki hii anasali hapa, wiki ijayo amehamia kwa ndugu upande mwingine wa mji, au amejaribu kurudi kijijini kuangalia shamba. Akikosekana, wanasema amekwenda. Labda amekwenda. Labda amelala katika nyumba ya nyasi na mtoto mgonjwa.

Nilirudi kuona kamati ya ile shantie. Nilifikiri watanifukuza. Hawakunifukuza. Mhasibu wao alinitolea daftari la michango, safi kabisa: jina, tarehe, franki, saini. Nikamuuliza kama kuna daftari la familia zilizokimbia vita ambazo zinasali kwao. Alinyamaza kidogo, kisha akasema watu hao wako, lakini hawajaandikwa mahali pamoja. Mchungaji aliyekuwa ameketi pembeni akasema: “Andika hiyo pia, lakini andika kwamba tumeanza.” Nimeandika. Kwa kweli wameanza: shemasi mmoja mama na kijana mmoja aliyekimbia toka upande wa Mitwaba wanapita avenyu kwa avenyu na daftari la wanafunzi. Nilitembea nao siku moja. Wanaandika jina la baba au mama, hesabu ya watoto, kijiji walichotoka, na kama kuna mgonjwa. Siku ile walifika nyumba kumi na moja. Katika mbili kulikuwa mgonjwa.

Sijui kama watadumu. Madaftari mengi yameanza hapa Mulongo na kurasa za mwisho ni nyeupe.

Shantie nayo inaendelea. Kuta zimefika madirishani na manjanja yamefunikwa na turubai. Nitaendelea kusoma tangazo lao, limelipwa mpaka mwisho wa mwezi, lakini sasa nyuma ya tangazo ninasoma pia namba ya simu ya wale wawili wenye daftari, bila kulipwa.

Baba wa yule mtoto anabeba matafari pale, wanamlipa kwa siku. Nilimukuta amekaa juu ya fungu la mchanga anakula bukari na sombe aliyoletewa katika bakuli. Nilimpa pole tena. Nikamuuliza sasa anasali wapi. Akasema siku ya Mungu anasali hapa, pamoja na watu wote. Siku ya tano magaribi anakwenda kwa akina mama wa avenyu, wanakutana katika nyumba ya mmoja wao, na yule mtoto aliyepona anapenda kwenda huko kwa sababu wanamwita na jina lake. Kisha akanawa mikono akarudi kubeba.